Baba Jenny na Darasa la Sita

Magloire alifika miaka arobaini na sita bila kuogopa tindikali, moto wala bosi. Aliogopa kitu kimoja tu, na hicho alikigundua wiki hii: wanafunzi wa darasa la sita la sekondari, darasa la mwisho la shule ya binti yake.

Kosa lilikuwa lake. Kwa miaka miwili, kila jioni mezani, alimwuliza binti yake Jenny, "Leo stagiaire alifanya nini?" Stagiaire ni mwalimu anayejifunza kufundisha, chuo humtuma kwenye shule afanye mazoezi juu ya vichwa vya watoto wa watu. Jenny alikuwa akiacha bukari yake, ugali wa kwao, anasimama, anamwigiza yule maskini tangu anavyoingia mlangoni hadi anavyoangusha chaki. Halafu anataja jina walilompa. Aliyesema "donc", yaani "basi", kila mara walimwita Monsieur Donc. Aliyekunywa maji kila baada ya sentensi mbili walimwita Robinet, yaani bomba, na hilo la Robinet hakulitunga Jenny. Lilitoka kinywani mwa Magloire mwenyewe, kinywa kimejaa sombe, na kesho yake shule nzima ikalitumia.

Sasa stagiaire alitakiwa kuwa yeye.

Habari ililetwa na mkewe, Marceline, jioni ya Jumatatu. Marceline alikuwa fundi wa kushona. Nusu ya sare za shule ya Jenny zilipita mikononi mwake, na tangu kiwanda kilipofunga maabara yao wakati wa Pasaka na kumrudisha Magloire nyumbani, sare hizo ndizo zilizoilisha nyumba. Alirudi na kikapu kitupu, akaketi, akavua viatu, akasema kabla hata ya kusalimu:

"Baba Jenny, kazi inapatikana."

Magloire alizima redio.

"Mwalimu ya chimie alikimbia. Mine, kule mugodini, ilimuita Alhamisi, Ijumaa hakuonekana tena. Préfet, mukubwa ya shule, Monsieur Séraphin, aliniita mu bureau yake. Anasema anakujua, uko na licence ya chimie ya chuo kikuu, ulifanya laboratoire miaka mingi. Anakutaka."

"Njo vile?" Magloire alijinyoosha kwenye kiti. Alianza kuonekana mrefu tena.

"Njo vile. Lakini licence haifundishe. Anataka uikale mu agrégation. Unajiandikisha mbele ya Siku ya Posho, ile Jumamosi, saa sita, unamuletea karatasi. Kama hapana, anatafuta mwingine."

Agrégation ni mwaka mzima wa kujifunza kufundisha, baada ya mtu kumaliza chuo kikuu. Yule anayejua kemia anafundishwa namna ya kuitoa kemia kichwani mwake na kuiingiza kichwani mwa mwenzake bila kupiga. Likasi kulikuwa na chuo kimoja kilichotoa masomo hayo jioni. Asubuhi mtu anafanya stage, yale mazoezi, shuleni, jioni anakaa kwenye benchi. Lubumbashi nako yalikuwepo, mchana kutwa, na stage inafanyiwa huko huko Lubumbashi. Préfet alisema popote ni sawa, ilimradi mtu awe ameandikwa. Akisomea Likasi ataanza vipindi vyake mara moja. Akienda Lubumbashi, nafasi itamngoja hadi mwaka ujao.

"Na ile stage ya Likasi," aliuliza Magloire polepole, "inafanyika mu classe gani?"

"Ya sita. Njo haina mwalimu."

Darasa hilo lilikuwa la Jenny; kijiko chake kilianguka.

"Papa," alisema, "kwenda Lubumbashi."

*

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jenny azaliwe kwa baba na mtoto kukubaliana siku tatu mfululizo.

Magloire alisema Lubumbashi kuna maabara ya kweli. Jenny akasema ndiyo, Papa, na maktaba. Magloire akasema walimu wa kule wameandika vitabu. Jenny akasema ndiyo, na hewa ya kule ni nzuri. Hapo hata Magloire alimtazama, kwa sababu Lubumbashi na hewa nzuri havijawahi kukutana. Mtoto ambaye hakuwahi kunyoosha nguo yake mwenyewe bila ugomvi alimnyooshea baba mashati matatu, akayakunja, akayaweka juu ya sanduku.

Marceline alikuwa akipiga pindo la sketi. Aliwasikiliza huku akikanyaga cherehani, na aliposimamisha mguu nyumba ilinyamaza.

"Mwaka moja Lubumbashi," alisema. "Utakula nini?"

"Nitaikala kwa yaya Mathieu, mukubwa yangu, kule Katuba. Yee hawezi kuniomba feza ya bukari."

"Yee hapana. Bibi yake je? Na bus? Na masomo yenyewe, bei yake ni mara mbili ya hapa. Na shiye tutaikala huku mwaka muzima tunangoja?"

"Marceline, muntu anatafuta masomo ya muzuri, haangalie bei."

"Ya hapa iko ya mubaya?"

"Sikusema ni ya mubaya. Iko... iko ya kidogo."

"Ulienda kuiona?"

Hakwenda kuiona. Alipita mbele ya geti lake mara elfu, akielekea sokoni, na hakuwahi kugeuza shingo.

"Mi najua kintu munaogopa," alisema Marceline. "Bote babili. Weye Baba Jenny unaogopa batoto bakuite jina. Na weye Jenny unaogopa bakuite mutoto ya ile jina. Mwaka ujao Jenny anakuwa amemaliza, Papa anarudia muzuri, hakuna aliyemuona. Ni vile?"

"Mama, haujue bale batoto," Jenny alisema, karibu alie. "Ni babaya."

"Nawajua sana. Mukubwa yabo nalimuzala minye."

Magloire alicheka, na alipoona mkewe hacheki, akakohoa.

"Ni mambo ya heshima," alisema. "Nilikuwa chef ya laboratoire. Bantu kumi na nne banasimama ninapoingia. Sasa nisimame mbele ya mutoto ya Mama Tina, anipigie muluzi?"

Hapo Marceline hakujibu kwa mzaha. Aliona uso wake. Mwanamume huyu alikaa miezi sita kando ya simu isiyolia, na kila Jumapili baada ya misa alizungukia mlango wa nyuma wa kanisa ili asiulizwe "Sasa unafanya nini?" Marceline alijua mlango ule. Ila nyumba haiendeshwi kwa huruma peke yake.

"Sawa," alisema. "Kama ni heshima, heshima iko na bei. Niko na mashini mbili. Mama Tina anataka ile ya pili tangu zamani. Nitamuambia akuye kuiona."

*

Mama Tina, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja Alhamisi. Aliikagua cherehani kama mtu anayenunua mbuzi. Alizungusha gurudumu, akaangalia chini, akanusa mafuta.

"Inakamatakamata kidogo," alisema.

"Haikamate," alisema Marceline.

"Nasikia inakamata. Na juu ya nini unaiuzisha, mama? Kazi imepunguka?"

"Baba Jenny anaenda kusoma Lubumbashi."

Mama Tina aligeuka taratibu kumtazama Magloire, aliyekuwa amekaa kizingitini akijifanya anasoma gazeti la mwezi uliopita.

"Kusoma! Ku miaka gani, Baba Jenny? Mi nilifikiri muko na bajukuu kesho kutwa."

"Agrégation," alisema Magloire. "Ni masomo ya mbele."

"Ah, ya mbele. Na kwetu hapa hakuna?"

"Iko," alisema Marceline, akifuta cherehani kwa kitambaa. "Lakini ni ya kidogo."

Mama Tina alisema atakuja kuichukua Jumamosi asubuhi, na mumewe atabeba. Alipoondoka, Magloire alitazama cherehani ile. Ndiyo iliyoshona suti aliyofungia ndoa. Ndiyo pia ambayo Marceline humpa msichana wa kumsaidia kila Agosti, wakati sare zinapokuwa nyingi kuliko usingizi. Bila hiyo, Agosti ijayo nusu ya wateja watakwenda kwa fundi mwingine, na mteja wa sare akihama harudi. Alilijua hilo bila kuambiwa. Alikunja gazeti, akaingia ndani.

*

Ijumaa alifika Lubumbashi mapema, akiwa amevaa shati la kwanza kati ya yale matatu.

Mstari wa kujiandikisha ulikuwa mrefu, na Magloire ndiye aliyekuwa baba yao wote. Kijana aliyekuwa mbele yake, jina lake Doudou, aligeuka akamsalimia kwa mikono miwili.

"Papa, unaandikisha mutoto?"

"Najiandikisha minye."

"Ah." Doudou alifikiri kidogo. "Ni muzuri, Papa. Utakuwa chef ya promotion yetu. Muzee njo anakuwaka chef. Ni yee anaenda kuwaomba bakubwa msamaha kama tumechelewa."

Vijana wengine wakageuka. Mmoja alisema papo hapo kwamba kura yake ni kwa Papa. Kabla ya saa nne Magloire alikuwa amechaguliwa kiongozi wa darasa ambalo hajaandikwa, na ametumwa kuwaulizia kama karani amefika. Karani alikuwa hajafika. Mtu aliyekuwa akipita aliwaambia kwamba kwenye shule ya jirani kuna mtu anatoa somo la mwisho mbele ya jury ya watahini, na wanaotaka kujiandikisha wanaruhusiwa kuketi nyuma, watazame kazi inayowangoja.

Magloire na Doudou wakaenda.

Mtu mwenyewe aliitwa Monsieur Amuri. Alikuwa na ndevu zenye mvi, koti la kijivu, na wanafunzi sabini mbele yake. Watu watatu wa jury walikaa kando, kalamu mkononi. Alifundisha hesabu za biashara, na hakufundisha vibaya. Tatizo lilikuwa mkono wake. Alifuta ubao kwa kiganja, halafu akafuta kiganja kwenye koti. Baada ya robo saa alikuwa mweupe tumboni, mweupe begani, na nyuma, pale alipojikuna, palikuwa na vidole vitano vyeupe kabisa.

Magloire alisahau kwamba yuko wapi. Alijisikia yuko mezani kwake, na Jenny amesimama anaigiza. Aliinamia sikio la Doudou.

"Boulanger," alisema.

Lilikuwa jina zuri, nani atakataa? Mtu mzima aliyejaa unga kama mwoka mikate alfajiri. Doudou alipasuka kicheko kwa pua. Lakini msichana wa benchi la mbele yao alikuwa amesikia. Alimgusa mwenzake. Mwenzake aliinama mbele. Magloire aliliona jina lake likitembea, benchi kwa benchi, mabega yakitikisika lilipopita, na hakuwa na namna ya kulikimbiza na kulirudisha. Lilifika mbele. Kijana wa benchi la kwanza aliinua mkono kwa adabu zote.

"Monsieur Boul... pardon, Monsieur Amuri."

Darasa likaanguka kwa kicheko.

Monsieur Amuri aligeuka. Aliangalia watoto, akaangalia koti lake, akaelewa. Chaki ilikatika mkononi. Mmoja wa jury aliandika kitu, kirefu. Kwa muda, ambao kwa Magloire ulikuwa mrefu kuliko misa ya Pasaka, yule mzee alisimama akitafuta alikuwa amefika wapi kwenye hesabu. Magloire alitamani asimame aseme ni mimi, ila hata hilo lingemharibia mwenzake somo zaidi. Basi alikaa, akatazama alichofanya.

Monsieur Amuri alivua koti, akaliweka juu ya kiti, akaokota nusu ya chaki, akaendelea. Alimaliza. Hakumaliza vizuri kama alivyoanza, lakini alimaliza.

*

Nje, Magloire alitaka kuondoka haraka. Hakuweza. Monsieur Amuri alikuwa mlangoni, akipigapiga koti kwenye nguzo, vumbi la chaki likiruka.

"Bwana," alisema bila kugeuka, "ni weye ulinipatia jina."

Doudou aliangalia mbingu kama mtu anayetafuta mvua.

"Papa Amuri..." Magloire alianza.

"Batoto bangu habakuwe na jina mupya leo asubuhi. Lilitoka nyuma. Nyuma kulikuwa weye na huyu kijana, na huyu hana meno ya kutunga kintu kama kile."

"Ni minye. Unisamehe. Sijue nini ilinishika."

Monsieur Amuri alimgeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, si wa mtu aliyekasirika.

"Usiogope. Tangu mwezi ya tatu walikuwa bananiita Pneu, mupira ya motokari, ju ya kutembea yangu. Boulanger iko na heshima kidogo. Boulanger anapatia bantu chakula." Akavaa koti. "Unakuya kujiandikisha? Unatoka wapi?"

"Likasi."

"Na Likasi hakuna?"

Kwa mara ya pili wiki ile aliulizwa swali lile lile, na safari hii hakuwa na nguvu ya kusema maabara.

"Mutoto yangu iko mu ile classe," alisema.

Monsieur Amuri alicheka hadi akashika nguzo. Koti likapata alama mpya.

"Minye niko na batatu!" alisema. "Kolwezi. Bote batatu mu shule moya. Nilimuambia mama yabo, nitaenda mbali, kwenye bantu habanijue. Niliuzisha hata moto yangu, ile pikipiki, njo nilikuwa napeleka nayo mizigo. Sasa angalia. Hapa hapana mutu ananijua, na banacheka vile vile. Unajua tofauti?"

"Hapana."

"Kule Kolwezi, ule mutoto ya leo ya mbele, ningejua mama yake. Jioni ningepita pale, ninasalimia tu, naomba maji ya kunywa. Kesho yake anakuwa malaika. Hapa sijue mama ya ata mumoya. Mwaka muzima nafundisha batoto hawana mama."

Aliagana nao kwa mkono, akawaachia kila mmoja chaki kiganjani, na akaenda kungoja jury imwambie kama amefaulu.

Karani alikuwa amefika. Mstari ulikuwa ukisogea, na Doudou alikimbia kushika nafasi yao. "Papa chef!" aliita. "Kuya, tumefika!"

Magloire alisimama katikati ya ua. Aliwaza mama za darasa la sita la Likasi. Mama Tina, wa nyumba ya tatu. Mama wa kijana mwingine, anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni na kumwongezea Marceline mmoja kila mara. Mama wa mapacha wawili wa darasa hilo. Nani kati yao hajapimwa kiuno na Marceline? Hakuwa na haja ya kwenda kuomba maji. Wao wenyewe huja nyumbani kwake, wanavua viatu, wanasimama mikono juu wapimwe.

Alimpungia Doudou mkono.

"Mutafute chef mwingine!" alipaza sauti, akaenda kutafuta gari la Likasi.

*

Jumamosi asubuhi mume wa Mama Tina alikuta cherehani imewekwa tena mahali pake, dirishani, na Marceline anaikanyaga.

"Haiuzishwe tena," Marceline alimwambia. "Inakamatakamata."

Magloire alikuwa amekwisha kuingia geti ambalo hakuwahi kuligeuzia shingo. Chuo hakikuwa kikubwa, ni kweli. Kilikuwa na karani mwembamba mmoja mezani aliyemwandika bila kumwita Papa wala kumchagua kuwa chochote, na hilo peke yake lilimpendeza. Kabla ya saa sita alikuwa mbele ya préfet, karatasi mkononi, na Jenny nyuma yake. Jenny alikuja bila kuitwa. Alikuwa amelia njia nzima, kimya, hatua kumi nyuma ya baba, kama mtu anayesindikiza maiti asiyeijua.

Monsieur Séraphin aliisoma karatasi, akafurahi, akawatazama wote wawili, na akawa mtu mwema kupita kiasi.

"Monsieur Magloire, nimefikiri," alisema. "Si vizuri baba kufundisha darasa la mtoto wake. Inaleta maneno. Nitakupa la tano. Mwalimu wa biologie wa la tano atasogea la sita, atawasomea chimie kwenye kitabu. Mnaonaje?"

Magloire alihisi mzigo ukishuka mabegani kwa ghafla. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuwa na kazi, cherehani, na uso wake, vyote pamoja. Alikuwa akifungua mdomo kushukuru alipogeuka kumtazama Jenny, ashuhudie furaha yake.

Jenny hakuwa na furaha. Alikuwa amekunja uso.

"Atatusomea chimie ku kitabu?" aliuliza.

"Atajitahidi," alisema préfet.

"Monsieur le préfet, yee chimie hajue. Mwaka jana alituambia tindikali na chumvi ni ndugu, akaacha pale." Aligeuka kwa baba. Sauti ilishuka. "Papa. Mwezi ya sita tuko na Examen d'État, mutihani ya inchi nzima. Tuko thelathini na nane. Tangu mwalimu akimbie hatujaandika ata mustari moya."

"Najua, mama."

"Haujue. Ju weye ulikuwa unataka kwenda Lubumbashi."

"Na weye ulinipigia shati pasi."

Jenny alifuta pua kwa kiganja. Préfet alijifanya anatafuta mhuri. Mtoto wa watu alisimama pale, miaka kumi na saba, na mbele yake kulikuwa na vitu viwili tu, na vyote viwili vilikuwa vyake: jina lake kati ya wenzake, na mtihani wake. Hakuna aliyemsaidia kuchagua. Baba alitaka kusema, akakumbuka kwamba alikwisha kusema ya kutosha kwa mdomo wake wiki hii.

"Akuye kwetu," Jenny alisema hatimaye. "La sita."

"Una hakika?" aliuliza préfet.

"Lakini niko na masharti."

Alimpa baba masharti yale njiani, akiyahesabu kwa vidole. Papa asivae koti la kahawia. Papa asiseme "binti yangu" darasani, wala "mama", wala "Jenny yetu". Papa asiseme "kule laboratoire yetu" zaidi ya mara moja kwa siku. Na la mwisho, kubwa kuliko yote: asubuhi wasitembee pamoja. Yeye atatangulia, baba atafuata mbali, na barabarani hawajuani.

"Na kama nagongwa na pikipiki?"

"Basi utagongwa, Papa. Nitakujua ku hospitali."

*

Jumatatu Jenny alitoka kwanza. Magloire alingoja hadi Marceline alipomsukuma.

"Kwenda. Utaikala hapa mupaka mutihani?"

Alifuata. Hewa ya Kikula, mtaa wao, ilikuwa na moshi wa mbabula, majiko ya makaa, watu wakipasha chai. Jenny alitembea mbele, shingo imenyooka, na Magloire nyuma kabisa, koti la buluu, mfuko begani. Ulikuwa mfuko wa shule wa Jenny wa zamani, wenye ua la njano, kwa sababu mfuko wake wa kazi ulibaki kiwandani pamoja na funguo.

Mama Tina alikuwa akifagia mbele ya nyumba. Hakuwa amesahau cherehani.

"Baba Jenny!" aliita, kwa sauti ya mtu anayetaka majirani waamke. "Mbona unamufuata mutoto? Na mufuko ya batoto ku bega! Unaenda wapi asubuhi vile?"

Wanawake wawili kisimani waligeuka. Kijana mmoja wa darasa la sita, mtoto wa Mama Tina mwenyewe, alitokea mlangoni akila mkate, akasimama kutafuna.

Juma lililopita Magloire angesema anapita kwa rafiki. Angesema gari limeharibika, ingawa gari hana. Leo alisimama, akauweka sawa mfuko wenye ua.

"Bonjour, Mama Tina. Naenda masomo. Ni stagiaire ya batoto benu. Nitafundisha chimie."

"Stagiaire!" Mama Tina aliegemea ufagio. "Weye? Muzee na ndevu?"

"Minye. Na jioni niko mwanafunzi. Ukipika bitumbua, uniwekee bya kula ku récréation, tukipumuzika."

Wale wa kisimani wakacheka, na Mama Tina, ambaye alikuwa amejiandaa kucheka peke yake, alijikuta anacheka pamoja nao, jambo ambalo halikuwa na ladha ileile. Kijana mlangoni alimeza mkate bila kutafuna.

Mbele, Jenny alikuwa amesimama. Alisikia yote. Barabara nzima ilikuwa inamtazama, mara yeye, mara yule mtu mwenye mfuko, na masharti yake manne yalikuwa bado ya moto. Angeweza kuendelea na safari. Kona ilikuwa karibu.

Aligeuka. Alimngoja baba yake afike, akamtazama kutoka viatu hadi kola, akampokonya mfuko wenye ua na kumpa wake mweusi.

"Monsieur," alisema, kwa sauti ambayo hata kisimani waliisikia, "tutachelewa."